Barua ya wazi kwa wazazi na walezi: mtoto aliyeshiba anaweza bado kuwa na njaa

Wanangu wapendwa, wazazi na walezi wa watoto wa shule,

Nawasalimu kwa heshima na upendo. Nawaandikia nikiwa mzee ambaye sehemu kubwa ya maisha yake imepita mbele ya ubao, na kwa kuwa umri umenipa ruhusa ya kusema mambo ambayo rika moja huona haya kuambiana, naomba mnivumilie nikizungumza kwa kirefu juu ya chakula cha mtoto anayesoma. Sikusudii kuzungumzia wingi wake, maana nafahamu kuwa wengi wenu hujinyima ili sahani ya mtoto ijae, na kwa hilo mnastahili shukrani. Ninachotaka tukitazame ni kile kilichomo ndani ya sahani hiyo, kwa sababu tumbo linaweza kujaa huku damu, mifupa na ubongo vikiendelea kudai haki yao.

Tuanze na ubongo, kwa kuwa ndio tunaoupeleka shuleni. Watafiti waliopima matumizi ya nishati ya mwili wameona kwamba mtoto anapofikia umri wa miaka 5 hivi, ubongo wake peke yake hutumia karibu theluthi mbili ya nishati ambayo mwili mzima hutumia ukiwa umetulia, ilhali kwa mtu mzima kiasi hicho ni kama moja ya tano tu. Nishati hiyo hutokana hasa na vyakula vya wanga, yaani nafaka, viazi na mizizi, na ndiyo maana siwezi kukubaliana na wanaomwogopesha mtoto kula wanga. Mtoto anayetoka nyumbani bila kula chochote asubuhi, akakaa darasani hadi mchana, anadaiwa umakini ambao mwili wake hauna kitu cha kuugharamia. Hata hivyo, wanga hutoa nguvu ya kufanyia kazi tu. Haujengi misuli, hautengenezi damu wala haukomazi mifupa, na mtoto anayelishwa wanga mtupu asubuhi, mchana na jioni anashiba kila siku na kupungukiwa kila siku.

Jambo hili limejulikana kwa zaidi ya miaka 100. Mwishoni mwa karne ya 19, daktari Mholanzi Christiaan Eijkman, akiwa kazini katika kisiwa cha Java, aliona kuku waliolishwa mchele uliokobolewa wakilegea miguu hadi kushindwa kusimama, ugonjwa uliofanana sana na beriberi iliyokuwa ikiua watu wakati huo. Waliporudishiwa mchele usiokobolewa, wakapona. Kuku wale hawakunyimwa chakula. Walichonyimwa kilikuwa katika ngozi nyembamba ya punje ambayo mashine iliiondoa na watu wakaitupa. Kitu hicho kilikuja kutambuliwa kuwa vitamini B1, na mwaka 1929 Eijkman alitunukiwa Tuzo ya Nobel. Nawakumbusha habari hii kwa sababu unga mweupe na mchele mweupe bado vinaheshimiwa mezani kana kwamba weupe ni ubora, wakati nafaka isiyokobolewa ndiyo inayobaki na vitamini za kundi B, madini na nyuzinyuzi zinazomlinda mtoto asifunge choo na asisikie njaa upesi.

Sasa naomba tukae hapa kidogo, kwenye madini ya chuma, kwa sababu hapa ndipo nilipoona watoto wengi wakionewa pasipo mtu kukusudia. Mwili hutumia madini haya kutengeneza himoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni kutoka mapafuni hadi kila kiungo, ubongo ukiwemo. Yakipungua, mtoto huchoka mapema, huhema akikimbia kidogo, husinzia mchana, hukosa hamu ya kucheza na hushindwa kushika alichosikia dakika chache zilizopita. Viganja vyake, ulimi na sehemu ya ndani ya kope hupauka, na wengine huanza kutamani kula udongo, chaki au barafu. Mtoto wa namna hiyo mara nyingi huitwa mvivu, mzito wa kuelewa au mkaidi, naye huadhibiwa kwa kosa lililo ndani ya damu yake. Nawasihi, kabla ya kumkemea mtoto anayelala darasani, mpelekeni akapimwe damu. Shirika la Afya Duniani huhesabu kuwa mtoto wa miaka 5 hadi 11 ana upungufu wa damu iwapo himoglobini yake iko chini ya gramu 11.5 kwa desilita, na wa miaka 12 hadi 14 iwapo iko chini ya gramu 12. Ni kipimo chepesi, cha tone la damu, na kinaweza kumwondolea mtoto lawama za miaka mingi.

Mabinti zetu wanahitaji uangalizi wa pekee katika hili. Binti akivunja ungo hupoteza damu kila mwezi katika umri uleule ambao mwili wake unakua kwa kasi, na ndiyo sababu mapendekezo ya lishe ya Marekani, kwa mfano, yanataka apate miligramu 15 za madini ya chuma kwa siku kati ya miaka 14 na 18, wakati mvulana wa rika lake anatakiwa kupata 11. Kama kuna desturi yoyote ya kugawa nyama au samaki nyumbani inayomfanya binti apewe kidogo au apewe mwisho, naiomba familia hiyo iiache.

Madini haya hupatikana kwenye nyama, maini, samaki, maharage, dengu na mboga za majani za kijani kibichi, ila si yote huingia mwilini kwa wepesi ule ule. Yale ya nyama na samaki hufyonzwa kwa urahisi, na yale ya mimea hufyonzwa kwa shida hadi yapate msaada, na msaada wake mkubwa ni vitamini C. Chungwa, pera, nyanya mbichi au pilipili hoho vikiliwa katika mlo huohuo wenye maharage, mwili huchukua madini mengi zaidi kutoka kwenye maharage yale yale. Kinyume chake, chai na kahawa zikinywewa pamoja na chakula huzuia ufyonzaji huo, kwa hiyo chai ya mtoto, kama ni lazima anywe, itenganishwe na mlo wake mkuu kwa saa moja au zaidi. Kuloweka kunde na nafaka, kuziotesha au kuzichachusha hupunguza asidi ya fitiki, ambayo nayo huyashikilia madini yasifyonzwe. Haya hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji mpishi ajue kipi kiambatane na kipi.

Nami naongeza tahadhari mbili. Minyoo ya safura hunyonya damu kutoka kwenye utumbo, na huingia kupitia ngozi ya mtoto anayekanyaga udongo uliochafuliwa na kinyesi, hivyo viatu, choo safi na dawa ya minyoo kwa utaratibu wa wahudumu wa afya ni sehemu ya lishe kama ilivyo nyama. Pili, vidonge vya madini ya chuma visitolewe kwa kukisia, wala visiwekwe mahali ambapo mtoto mdogo anaweza kuvifikia, kwa kuwa akimeza vingi kwa pamoja ni sumu inayoweza kumuua.

Kuhusu madini joto, yaani ayodini, nitasema machache. Mwili huyahitaji kwa kiasi kidogo mno, mikrogramu 120 tu kwa siku kwa mtoto wa miaka 6 hadi 12, lakini yakikosekana tezi ya shingo huvimba na uwezo wa kujifunza hushuka. Chumvi yenye madini joto huzuia tatizo hili. Ihifadhini kwenye chombo chenye kifuniko, itieni mwishoni mwa upishi, na msiizidishe kwa kudhani kuwa nyingi ni bora zaidi.

Vitamini A, inayolinda macho na kinga ya mwili, hupatikana kwenye maini, mayai na maziwa, na mwili huitengeneza pia kutokana na mboga za kijani kibichi na vyakula vya rangi ya chungwa kama karoti, maboga na maembe. Mboga zinazochemshwa kwa maji matupu humpa mtoto kidogo tu, kwa sababu vitamini hii huhitaji mafuta ili ifyonzwe. Kijiko cha mafuta au karanga zilizosagwa hutosha. Osheni mboga kabla ya kuzikata, wala si baada ya kuzikata, zipikeni kwa maji machache na kwa muda mfupi, na mchuzi wake msiumwage, kwa kuwa vitamini C na foleti, ambayo ni moja ya vitamini za kundi B, huyeyuka majini na kupotea kwa moto mwingi.

Protini ndiyo inayowatia wazazi hofu kubwa, kwa kuwa wengi huamini haipatikani ila kwenye nyama. Mtoto mwenye kilo 25 anahitaji takribani gramu 24 kwa siku. Yai moja lina kama gramu 6, na kikombe cha maharage yaliyopikwa kina kama 15. Nafaka na kunde zikiliwa pamoja hukamilishana, kila moja ikitoa amino asidi, yaani vipande vinavyojenga protini, ambazo mwenzake anazo kwa uchache. Kasoro moja tu siwezi kuificha: vitamini B12, ambayo damu na mishipa ya fahamu huitegemea, haipatikani kiasili kwenye mimea, kwa hiyo mtoto asiyekula kabisa nyama, samaki, mayai wala maziwa aangaliwe na mtaalamu wa lishe. Maziwa humpa pia kalisi ya mifupa, na samaki wadogo wanaoliwa na mifupa yao hufanya kazi hiyo hiyo.

Lipo jambo linalonihuzunisha zaidi ya yote niliyoyataja, nalo ni soda na vinywaji vingine vya sukari vinavyotolewa kwa mtoto kama ishara ya upendo. Soda ya mililita 350 kwa kawaida huwa na gramu 35 za sukari au zaidi, ambazo ni karibu vijiko vidogo 9. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya juisi na asali, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na kwamba ikishuka chini ya asilimia 5 ni vyema zaidi. Kwa mtoto anayehitaji kilokalori 1,600, asilimia 10 ni gramu 40. Maana yake ni kwamba chupa moja inakaribia kumaliza mgao wa siku nzima, tena bila kumpa protini, madini wala vitamini, halafu anakaa mezani akiwa hana hamu ya chakula chenyewe. Mpeni maji, na tunda mpeni zima alitafune. Wala msifanye pipi kuwa zawadi ya kumaliza mboga, maana hapo mnamfundisha kuwa mboga ni adhabu.

Mtoto akikataa chakula kipya, msimlazimishe na msikate tamaa. Watoto wengi huhitaji kuonjeshwa chakula mara 10 au zaidi kabla ya kukizoea, na hukizoea upesi wanapowaona wakubwa wao wakikila kwa furaha. Kazi yenu ni kuandaa kilicho bora na kukileta kwa wakati. Kiasi cha kula, mwacheni yeye asikilize tumbo lake. Tena msimtanie mtoto kwa unene au wembamba wake, hata kwa mapenzi, maana aibu ya mwili humfanya mtoto ale kwa kujificha au asile kabisa.

Mwisho nina ombi. Katika kikao kijacho cha wazazi, baada ya kuuliza habari za mitihani, ulizeni pia kinachopikwa shuleni: kunde huliwa mara ngapi kwa wiki, mboga na matunda vinapatikana siku zipi, chumvi inayotumika ina madini joto, na wanafunzi wana maji ya kunywa na ya kunawa kwa sabuni? Ulizeni na kinachouzwa langoni wakati wa mapumziko. Majibu yaandikwe kwenye kumbukumbu za kikao, na kikao kinachofuata kianze kwa kuyasoma.

Ni mimi mzee wenu, mwalimu mstaafu.