Feluda hakuanza 1969, na michoro yake ina mwenyewe

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu hadithi za upelelezi za watoto wa Bengali nimeisoma kwa furaha, maana ni nadra kumkuta Feluda, mpelelezi wa hadithi anayeishi Kolkata, India, akizungumzwa kwa Kiswahili. Hata hivyo kuna mambo mawili ya kusahihisha: mmesema mfululizo huo ulianza 1969, na mmeweka michoro mitatu bila kumtaja hata mchoraji mmoja.

1969 ni mwaka wa kitabu. Ndipo Ananda Publishers wa Kolkata walipotoa riwaya ya Feluda, *Badshahi Angti*, kati ya majalada mawili. Lakini watoto walikwisha kuisoma riwaya hiyo kipande kwa kipande katika jarida la *Sandesh* mwaka 1966 na 1967, na kabla yake ilitangulia hadithi fupi, *Feludar Goendagiri*, iliyoanza humohumo Desemba 1965. Mwandishi wake, Satyajit Ray, ndiye aliyelifufua jarida hilo mwaka 1961 akishirikiana na mshairi Subhas Mukhopadhyay. Lilikuwa mali ya ukoo: babu yake, Upendrakishore, alilianzisha 1913, na baba yake, Sukumar, akaliendesha baada ya babu kufariki mwaka 1915.

Tangu 1970 Feluda alihamia kwa sehemu kubwa jarida la *Desh*, katika toleo nene linalotoka kila mwaka kabla ya sikukuu ya Durga Puja. *Gangtoke Gondogol* ilitoka humo 1970, *Sonar Kella* 1971, *Baksha Rahasya* 1972. Kwa hiyo karibu kila hadithi ina tarehe mbili, ya jarida na ya kitabu, na anayetaka kueleza Feluda alikuaje lazima afuate ya jarida.

Tarehe zenyewe zina mitego, na nadhani wengi huanguka hapo. Majarida na vitabu vya Kibengali mara nyingi huandika mwaka wa kalenda ya Kibengali, unaoanza katikati ya Aprili. Kuupata mwaka wetu, ongeza 593 kama toleo ni la kati ya mwezi huo na Desemba. Ongeza 594 kama ni la Januari hadi katikati ya Aprili. Mwaka 1372 wa Kibengali unaanza basi Aprili 1965 na kuishia Aprili 1966. Ndiyo sababu orodha mbili zilizotungwa kwa uaminifu zinaweza kupishana kwa mwaka mmoja.

Mtego mbaya zaidi ni tarakimu. Alama ৪ ni nne, ingawa jicho letu linaisoma nane. Alama ৭ ni saba, ila imekaa kama tisa. Mwaka ১৩৭৪ ni 1374, yaani 1967 au mwanzoni mwa 1968. Asiyezijua alama hizo ataandika 1398, akokotoe na kupata 1991. Kosa la miaka 24 linalotokana na mikunjo miwili ya wino! Tena angalieni ukurasa wa nyuma ya jina la kitabu: *sanskaran* ni toleo, *mudran* ni kuchapwa tena tu. Kitabu chenye *mudran* ya kumi hakijahaririwa mara kumi.

Sasa michoro. Ukurasa huohuo hutenganisha *prachchhad*, yaani jalada, na *alankaran*, yaani picha za ndani, kwa kuwa kazi hizo mbili huweza kufanywa na watu tofauti. Kwa Feluda, mkono mkuu katika zote mbili ni wa Ray mwenyewe. Dunia inamjua kwa filamu, lakini ajira yake ya kwanza ilikuwa ya uchoraji: aliingia kampuni ya matangazo ya D.J. Keymer mwaka 1943, kisha akawa anabuni majalada ya vitabu vya Signet Press. Alijua vizuri mashine ya kuchapia inamezaje wino.

Ndiyo maana picha zake nyingi za ndani ni za mistari mitupu, bila kijivu cha kupaka. Giza la chumba hujengwa kwa mistari myembamba inayopishana, na uso wa mtu huachwa uwe weupe wa karatasi yenyewe. Mchoro wa namna hiyo hustahimili karatasi ya bei rahisi inayofyonza wino. Picha yenye vivuli hulazimika kuvunjwavunjwa kuwa nukta, na kwenye karatasi mbaya nukta hizo huvimba na kugusana, picha ikawa matope. Familia hii ililielewa tatizo hilo zamani. Upendrakishore hakuridhika na jinsi wachonga mbao za kuchapia walivyoziharibu picha zake, akaagiza vifaa kutoka Uingereza, akafanya utafiti wa nukta hizo na kuandika matokeo katika *Penrose Annual*, kitabu cha kila mwaka cha mambo ya uchapaji kilichotoka London. Sukumar naye alikwenda London na Manchester mwaka 1911 kusomea uchapaji wa picha.

Mstari nao una adui wake, ambaye ni kunakili nakala. Kila picha iliyochapwa inapopigwa picha na kuchapwa upya, mistari myembamba hukatika na nafasi kati ya mistari minene huziba. Michoro mliyoweka ina ukungu kingoni, dalili ya faili ndogo iliyokuzwa. Tafuteni chapa ya mapema kadiri mwezavyo, muiskani kwa rangi nyeusi na nyeupe tu, nukta 1,200 kwa inchi, na msiihifadhi kama JPEG, kwa sababu huacha uchafu kandokando ya kila mstari. Kama picha ni ya nukta, skani kwa kijivu, nukta 600, kisha lainisha kabla ya kupunguza ukubwa. La sivyo yatatokea mawimbi ambayo mchoraji hakuyachora.

Kumtaja mchoraji hakuishii kwenye adabu, maana mchoro una tarehe yake. Mwangalieni Jatayu, mwandishi wa vitabu vya kusisimua anayemfuata Feluda tangu *Sonar Kella*. Ray alipoigeuza riwaya hiyo kuwa filamu mwaka 1974, nafasi ya Jatayu aliichukua Santosh Dutta. Baada ya hapo Jatayu wa kwenye karatasi akaanza kufanana na mwigizaji huyo. Ukiweka Jatayu wa baada ya filamu kando ya maneno ya 1971, umeficha badiliko ambalo ndilo tamu kuliko yote. Na yule Feluda mwenye viputo vya maneno, aliyemo katika picha yenu ya tatu, hakuchorwa na Ray kabisa: ni wa Tapas Guha, katika katuni zilizoandikwa na Subhadra Sen Gupta.

Majina nayo yaandikwe kwa uangalifu. Mukhopadhyay na Mukherjee ni ukoo mmoja, vivyo hivyo Chattopadhyay na Chatterjee, Bandyopadhyay na Banerjee. Nimeona faharasa zikimgawa mchoraji mmoja kuwa watu wawili kwa sababu hiyo tu.

Mwisho, mmedokeza mpango wa kutafsiri. Ray alifariki Aprili 1992. Sheria ya India hulinda kazi miaka 60 baada ya kifo, yaani hadi mwisho wa 2052. Tanzania na Kenya ni miaka 50, lakini ukurasa wa mtandaoni husomwa Kolkata pia, kwa hiyo ombeni ruhusa ya maneno na ya michoro, na hiyo ya pili itajwe waziwazi katika mkataba. Mkitaka kuanza bila gharama hiyo, Sukumar alifariki 1923 na kazi zake ziko huru. *HaJaBaRaLa* aliiandika na kuichora mwenyewe, ni fupi, na ucheshi wake wa paka wa ajabu na kunguru anayepiga hesabu zisizo na kichwa wala miguu utawapata watoto wetu bila maelezo mengi.

Msomaji wenu,
Dar es Salaam