Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama: mwaka wa pampu, vumbi na mabishano

Ndugu wanachama, mbukwenyi, na wakubwa wote shikamooni. Hesabu za chama chetu cha wagonjwa wa mapafu hapa Dodoma mweka hazina atazisoma mwenyewe siku ya mkutano mkuu, mi sitaki kumuingilia, niseme tu kwamba ada zinaingia kwa kusuasua na wanaosuasua wanajijua.

Mwaka huu kamati iliamua tuachane na yale mambo ya kualika mtu anakuja anatusomea kipeperushi anapewa soda anaondoka. Tukasema kila kikao kiwe na mada moja ya utafiti mpya wa mapafu, tuisome, tumuulize daktari wetu, tubishane. Na kubishana tumebishana kweli.

Mada iliyochukua muda mrefu kuliko zote ni pampu ya bluu, ile ya salbutamoli ya kufungua kifua. Wengi wetu wenye pumu ndo tunaishi nayo, ukibanwa unavuta mbili unaendelea na shughuli, na wapo ambao hata hiyo hawana, wanakula vidonge vya salbutamoli miaka nenda rudi. Sasa wataalamu wa GINA, hao ndo wanaotoa mwongozo wa pumu duniani, tangu 2019 wanasema mtu mzima au kijana wa kuanzia miaka 12 asitibiwe kwa pampu ya bluu peke yake. Sababu ni kwamba pumu sio misuli kubana tu, ndani ya njia za hewa kuna uvimbe ambao unaendelea hata siku unayojiona mzima kabisa, na pampu ya bluu inalegeza misuli ila uvimbe inauacha pale pale. Ni kama kumwaga maji chumbani wakati bati bado linavuja. Mwaka huohuo wa 2019 ulitoka utafiti ulioongozwa kutoka Nyuzilandi, wagonjwa zaidi ya 600 wa pumu isiyo kali, waliotumia pampu ya mchanganyiko wa budesonidi, inayopunguza uvimbe, na formoteroli, inayolegeza misuli, pale tu wanapobanwa walipata mashambulizi kama nusu ya wale wa pampu ya bluu. Nusu jamani! Sio kitu cha kupuuzia.

Mtaniuliza, mwenyekiti, hiyo ya mchanganyiko tunaipata wapi hapa Dodoma na kwa bei gani? Hapo ndo penyewe. Iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, lakini wanachama waliozunguka kuitafuta wengi walirudi na jibu moja, haipo, au ipo ila bei inakutoa jasho. Kwa hiyo kamati inapendekeza mwaka ujao nguvu zetu ziende huku, tumwandikie Mganga Mkuu wa Jiji, tubanane na watu wa bima, tuache kidogo habari za kushona tisheti. Najua tisheti zina wapenzi wake. Wakati tunahangaika, asiache mtu dawa yake kwa sababu amesoma taarifa ya mwenyekiti, nendeni kwa daktari kwanza.

Kilichofurahisha zaidi ni chupa. Huko Cape Town, Profesa Heather Zar na wenzake walionyesha tangu 1999 kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita, ukiitoboa tundu chini linalobana mdomo wa pampu vizuri, inamsaidia mtoto mwenye pumu sawa na spesa ya dukani, kile chombo kinachokaa kati ya pampu na mdomo. Kikombe cha plastiki walikijaribu pia, hakikufanya vizuri. Akina mama wa Nkuhungu na Chang'ombe wamezitengeneza nyingi na watoto wanavuta dawa inafika kifuani, sio ile nusu inaishia kwenye ulimi.

Kile kipimo cha oksijeni cha kidoleni tulichochangia kinazunguka kwa zamu, lakini sikilizeni. Utafiti wa Marekani wa 2020 ulikuta kwamba kwa wagonjwa weusi vipimo hivi vinakosa kuona upungufu wa oksijeni karibu mara tatu ya vinavyokosa kwa wazungu, maana mwanga wake unasumbuliwa na rangi ya ngozi. Sisi wote hapa ni weusi. Kwa hiyo mtu akishindwa kumaliza sentensi, au mbavu zinaingia ndani akivuta pumzi, mpelekeni hospitali, namba ya kwenye kioo iseme inachosema.

Kwa wenzetu waliotokea migodini upande wa Singida na hawa wanaogonga kokoto, habari sio nzuri sana. Vumbi la mawe lina silika, yaani madini ya kwenye mawe, likikaa kwenye mapafu linaacha makovu, na dawa ya kuyaondoa hakuna mpaka leo, halafu linafungulia mlango TB. Kitambaa cha puani hakizuii lile vumbi jembamba, kumwagia mwamba maji wakati wa kuchoronga ndo kunapunguza. Afadhali upande wa TB sugu, tangu 2022 WHO imekubali matibabu ya vidonge ya miezi 6 wakati zamani watu walikaa kwenye dawa mwaka na nusu au zaidi, na chanjo mpya ya TB iitwayo M72 inajaribiwa tangu 2024 kwa watu kama 20,000, Kenya, Malawi na Zambia wamo.

Mabishano ya gesi ya kupikia hayajaisha. Serikali inataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034, na mi naunga mkono, ila utafiti mkubwa wa Rwanda, India, Peru na Guatemala uligawa majiko ya gesi na matokeo ya 2024 yakaonyesha nimonia kali kwa watoto wachanga haikupungua. Baadhi yenu mkashangilia, eti turudi kwenye mkaa. Hapana bwana! Moshi ndani ya nyumba ulipungua sana, na mwenye pumu hahitaji profesa kumwambia moshi unamfanya nini. Ila tusiuze gesi kama dawa ya kila kitu.

Fomu za kugombea kamati ziko kwa katibu. Mkija mkutanoni kila mtu aje na pampu yake, nesi ataangalia mmoja mmoja anavyovuta, na wazee wa mgodini waje na kadi zao za kliniki.