Kwa Shangazi, kuhusu kidonda cha shavuni

Shangazi,

Juzi kwenye simu uliniuliza swali nikababaika: "Kama mlishakiona hicho kidudu, mbona mnataka kumkwangua mtoto tena?" Nilikujibu ovyo, kisha nikasingizia mtandao. Najibu hapa mbele ya watu kwa sababu majirani zako wa Gilgil nao wana watoto wenye vidonda kama hivyo, na swali lao ni hilohilo.

Tulichokiona ni kimelea cha leishmania. Tulikwangua ukingo wa kidonda, tukapaka kwenye kioo, tukatia rangi ya Giemsa na kutazama kwa hadubini. Vilikuwemo, viduara vidogo mno ndani ya seli, kila kimoja na kiini chake na kijiti kidogo kando. Shida ni kwamba leishmania zote hufanana hivyo. Ni sawa na kumkuta mtu amejifunika shuka gubigubi: unajua ni mtu, lakini ni nani?

Hapa Kenya zinazoshambulia ngozi ni aina tatu. Baringo kuna major, ya panya wa mashimoni. Mlima Elgon kuna aethiopica, ya pimbi wa majabalini. Laikipia, Samburu na huko kwenu inajulikana tropica. (Jina hilo lina asili yake Boston, mwaka 1903, ambako James Wright alikieleza kimelea alichokipata kwenye kidonda cha mtoto aliyetoka Armenia. Armenia, nchi ya theluji!)

Najua utasema kidonda ni kidonda. Hapana, Shangazi. Major mara nyingi hupona yenyewe baada ya miezi kadhaa, ikaacha kovu. Tropica ni king'ang'anizi: huweza kukaa mwaka au zaidi, na pengine vipele huchipuka upya pembeni mwa kovu ulilodhani limepoa. Aethiopica nayo kwa baadhi ya watu hutapakaa mwilini. Daktari anayeamua kama asubiri, achome sindano za dawa iitwayo stibogluconate kuzunguka kidonda, au ampe mtoto dozi ya wiki kadhaa, anataka kujua anapambana na nani. Zile antibiotiki alizopewa mara tatu kwenye kituo cha afya haziui leishmania. Nilikasirika sana, halafu nikakumbuka kwamba uliponitumia picha mimi mwenyewe nilisema, "Jipu tu hilo."

Safari hii tunatafuta vinasaba. Mashine hunakili kipande kimoja cha DNA, kiitwacho ITS1, mara mamilioni, kisha kimeng'enya hukikatakata. Kila aina hukatika kwa namna yake, na vipande vikipita kwenye jeli huacha mistari tunayoilinganisha na ya vimelea tunavyovijua. Kinachohitajika ni mkwaruzo mdogo tu. Atalia kidogo, nami nitamletea mandazi.

Kuna jingine. Mtoto haambukizwi kwa kucheza na mwenzake mwenye kidonda, kwa hiyo mwacheni arudi kucheza. Anayeleta kimelea ni usubi, kijidudu kidogo kuliko mbu, kisichovuma, kinachouma jioni na usiku. Huko Laikipia usubi wa tropica umepatikana mapangoni, na hapo ndipo ninapowaza wale vijana wanaojikinga mvua na mbuzi wao kwenye pango la juu ya shamba lako, pale pimbi wanapoota jua. Majibu yakiwa tropica, pango hilo ndilo la kwanza nitakaloomba tulichunguze. Neti yako ya zamani nayo ina matundu ambayo usubi hupenya. Nitakuja na yenye dawa.

Nafika Jumamosi asubuhi. Usimpake tena ile dawa ya majani kabla sijaja. Mara ya kwanza tulihangaika kuibandua ndipo tukaufikia ukingo wa kidonda.