Anko, kabla hujalipa hiyo pikipiki nyekundu

Anko,

Salamu zako nimezipata, na picha uliyotuma nimeiangalia mara nyingi kuliko unavyodhani. Pikipiki nyekundu ya kulalia tangi, cc 600, silinda nne, muuzaji yuko Tegeta na anataka jibu kabla mwezi haujaisha. Chini ya picha uliandika neno moja tu: "Inafaa?" Nimekaa na swali hilo siku nne. Jana usiku mama yako akanipigia, akaniuliza hilohilo, ila yeye kwa sauti ya mtu aliyekosa usingizi. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu mwaka huu vijana wengine watatu wameniuliza jambo hili, na kila mmoja nilimjibu harakaharaka tukiwa tumesimama, nikabaki na mengi moyoni.

Sitakukataza. Mimi ndiye niliyekuwa nakuzungusha uwanjani ukiwa darasa la pili, umekaa mbele yangu umeng'ang'ania vioo. Siwezi leo kukuambia pikipiki ni mbaya. Nitakusimulia yangu tu, miaka saba na kilomita 58,000 nilizoendesha mwenyewe, halafu upime.

Unaijua: Kawasaki Versys 650 ya mwaka 2012, nyeusi. Niliinunua kwa mgeni aliyemaliza mkataba wake wa kazi hapa Dar, ikiwa na kilomita 23,000. Wewe na wenzako mnaiita "ya wazee", na naelewa kwa nini, maana imesimama kama mbuni na taa yake haina ukali wa kutisha mtu. Lakini injini iliyomo ndani, silinda mbili zilizokaa sambamba, cc 649, ni ileile ya Ninja 650 ya miaka ile, pikipiki ya Kawasaki ya mwendo wa kasi. Versys ilipotoka mwaka 2007, Kawasaki walibadilisha kamshafti, ule mhimili unaofungua vavu za injini, na kuipanga injini upya ili nguvu ije mapema, mizunguko ya chini na ya katikati, badala ya kungoja juu. Kwa hiyo ina nguvu za farasi kama 64, wakati Ninja ile ilikuwa na 72. Kisha wakaipa shokapu ndefu, mbele zinazama milimita 150, usukani mpana ulioinuka, na kiti cha juu. Magurudumu waliyaacha ya inchi 17, na tairi za barabarani za saizi ileile ya Ninja, upana wa milimita 120 mbele na 160 nyuma. Ndiyo maana ukiiingiza kwenye kona inainama bila kubishana nawe, ingawa umekaa wima kama uko kwenye kiti cha kulia chakula.

Hilo la kukaa wima ndilo nataka ulifikirie zaidi ya yote, kwa sababu wewe unakaa Kimara na kazi yako iko Posta.

Pikipiki ya kulalia imetengenezwa kwa ajili ya kasi. Ukiwa kilomita 120 kwa saa, upepo unakuinua kifua na mikono inapumzika. Ukiwa kilomita 15 kwa saa nyuma ya daladala pale Magomeni, hakuna upepo wa kukubeba. Uzito wote wa kiwiliwili unashukia viganjani, shingo umeikunja kwenda juu ili uone mbele, na moto wa injini umekukumbatia mapaja. Naijua hali hiyo kwa mwili wangu. Kabla sijanunua hii, rafiki yangu aliyekuwa safarini aliniachia yake ya namna hiyo kwa wiki mbili. Siku ya tatu nilifika nyumbani nikashindwa kufungua kifuniko cha chupa ya maji. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi, na ganzi ile iliondoka baada ya kama saa nzima. Rafiki yangu anaipenda pikipiki yake na ana haki, kwa sababu yeye huitoa Jumapili alfajiri tu, akaenda Bagamoyo na kurudi kabla ya foleni. Wewe utaitoa Jumatatu saa 12 asubuhi, na Jumanne, na siku Jangwani imejaa maji magari yote yamesimama.

Kwenye yangu nakaa juu kiasi kwamba macho yangu yanapita juu ya paa la gari dogo. Naona taa za breki za gari la nne mbele kabla dereva wa gari la mbele yangu hajaziona. Naona mlango wa daladala unavyofunguka na mguu wa abiria unavyotoka. Mara ngapi hilo limeniokoa, siwezi kuhesabu.

Unakumbuka msiba wa bibi kule Iringa? Ninyi mlikuwa kwenye basi, mimi nilitangulia usiku. Mikumi niliingia kukiwa kunapambazuka, zile kilomita 50 za ndani ya hifadhi nikazipita taratibu, tuta moja baada ya jingine, twiga wawili wamesimama kando ya lami wakinitazama. Nilikuwa nimejaza tangi Dar, lita 19, nikaja kujaza tena mji wa Mikumi, nikiwa bado na akiba. Lakini ninayotaka kukusimulia ni Kitonga, ule mlima wa kona kabla ya kufika Iringa. Mbele yangu kulikuwa na semi tatu zimebeba mzigo, zinapanda kwa mwendo wa mtu anayetembea, upande mmoja ukuta wa mlima na upande mwingine korongo. Hewa yote ni harufu ya breki za magari yanayoshuka. Niko gia ya pili, sina haraka. Dereva wa semi akawasha indiketa ya kushoto kuniambia nipite. Nilisimama kidogo kwenye vikanyagio, nikaona kona yote hadi mwisho wake, haina gari. Nikafungua mafuta. Haikuruka wala haikupiga kelele. Ilivuta, kwa namna ile ya mtu mzima anayekushika mkono kukupandisha ngazi. Semi ya kwanza, ya pili, ya tatu, nikarudi upande wangu, na bado niko gia ileile. Nilikuwa nalia, anko, kwa ajili ya bibi, na pikipiki haikunidai chochote zaidi ya nilichokuwa nacho asubuhi ile.

Sasa matatizo yake, maana yapo, na yote nimeyagharimia.

Kiti chake cha kiwandani ni kigumu. Baada ya kilomita 150 unaanza kuhamahama. Nilikipeleka kwa fundi wa makochi, akachonga sponji ya zamani na kuweka nzito, na tangu hapo nafika Morogoro bila kusimama. Kioo cha mbele kinarusha upepo moja kwa moja kwenye kofia ngumu, unasikia mlio kama bati lililolegea. Nilijaribu kukishusha na kukipandisha, nafuu ilikuwa kidogo. Kati ya mizunguko 4,500 na 5,000 kwa dakika kuna mtetemo unaokuja kwenye usukani, na kwa bahati mbaya hapo ndipo injini inapokaa ukiwa kwenye mwendo wa kawaida wa safari. Unauzoea, lakini haukomi. Sili za shokapu za mbele nimebadilisha mara mbili, kwa vumbi na matuta yetu. Tairi ya nyuma ndiyo inayoniuma zaidi: Kariakoo imejaa tairi za bodaboda, lakini ya 160 ya inchi 17 iliyo nzuri lazima uagize na usubiri, na mimi humaliza moja kila kilomita 11,000 au 12,000. Hiyo nyekundu yako nayo inavaa inchi 17, tena pana zaidi na laini zaidi. Weka hilo kwenye hesabu za mshahara ulioanza kuupata Januari.

Kuna siku niliuziwa cheni bandia. Duka silitaji. Boksi lilikuwa na maandishi yote yanayotakiwa, bei nafuu kidogo, na mimi nilikuwa na haraka ya safari ya Tanga. Baada ya kilomita 4,000 ilikuwa inalegea kila wiki. Nilikuwa narudi, nimekaribia Chalinze, nikaanza kusikia mlio wa kusaga kila nikiachia mafuta. Nilisimama kando, nikainama kutazama pleti ya nyuma, ile yenye meno 46. Yalikuwa yamepinda yote kuelekea upande mmoja kama mundu, na ncha zake zimekuwa kali kiasi cha kukata kidole. Nilirudi Dar kwa kilomita 40 kwa saa huku malori yananipita, nikijua kwamba cheni ikikatika inaweza kufunga gurudumu la nyuma au kuvunja nyumba ya injini. Siku hizi kila baada ya kilomita 500 naweka stendi, namwaga mafuta taa kwenye kopo, nasugua kipande kwa kipande kwa brashi laini, nafuta, naacha ikauke, ndipo natia oili ya gia upande wa ndani. Ni nusu saa ya jioni. Cheni niliyonayo sasa imefika kilomita 19,000 na meno bado yamesimama.

La mwisho ni vavu, na hili lisikilize hata kama mengine yote utayasahau. Kitabu cha pikipiki yangu kinataka pengo la vavu, ile nafasi ndogo kati ya vavu na kamshafti, lipimwe kila kilomita 24,000. Fundi wa kwanza niliyemwendea aliwasha injini, akasikiliza, akaniambia iko safi, haina tiktiki, usiifungue. Nilimwamini karibu mwaka mzima. Fundi wa pili akaifungua na kupima kwa vile vibati vyembamba: kati ya vavu nane, mbili za ekzosi zilikuwa zimebana, kibati chembamba kabisa hakikuingia vizuri. Kadiri vavu inavyojikalia ndani zaidi, pengo linapungua, na ule mlio wa tiktiki nao unapungua. Pengo likiisha, vavu haifungi sawasawa, haipati mahali pa kupunguzia joto lake, inaungua. Kwa hiyo ukimya ambao fundi wa kwanza aliusifia ndio uliokuwa dalili. Tulivua kamshafti zote mbili, tukabadilisha visahani vya kurekebisha pengo vilivyo chini ya vikombe vya vavu, tukarudisha, siku mbili za kazi.

Hiyo unayoitaka ina vavu 16, inazunguka juu zaidi ya yangu, na kuzifikia lazima uvue kwanza mabodi ya plastiki na tangi na boksi la hewa. Muulize muuzaji ni lini zilipimwa na nani alipima. Akikujibu kwamba injini haina kelele, rudi kwenye aya ya juu. Muulize pia kwa nini bodi la kulia lina rangi nyekundu iliyokolea kuliko la kushoto, kwa sababu kwenye picha yako ya tatu inaonekana wazi. Tazama kama jina lililo kwenye kadi ni lake. Geuza usukani kulia na kushoto hadi mwisho, taratibu, usikie kama kuna mahali unakwama katikati. Na leseni yako iwe na daraja A kabla hujatoa shilingi, hilo mama yako ameniomba niliseme nawe kwa jina lake.

Mimi sijafikiria kuiuza. Wapo walionishauri nichukue mpya, yenye skrini na breki za kompyuta, na nimezijaribu mbili, nzuri kweli. Lakini kila asubuhi nikipiga stati injini inashika ndani ya sekunde moja, mgongo wangu wa miaka 46 hauna habari na kilomita nilizotembea jana, na nikitoka Mombo kupanda Lushoto bado natabasamu ndani ya kofia kwenye kila kona, zile kilomita 30 na ushei zote. Kiti kiko juu, sentimita 84 hivi, na inazidi kilo 200, kwa hiyo mtu mfupi itampa shida akisimama kwenye mchanga. Wewe umechukua urefu wa baba yako. Miguu itafika.

Mwambie wa Tegeta akupe wiki moja. Akikataa, mwache auze, picha za namna ile zitakuja nyingine. Jumamosi hii njoo kwangu saa 12 asubuhi, jua halijawa kali. Vaa viatu vilivyofunika kifundo na koti lile la jinzi. Mafuta taa ninayo na brashi ninayo. Tutaanza na cheni wewe ukisugua mimi nikizungusha gurudumu, halafu utaichukua peke yako hadi Kibaha na kurudi kupitia foleni ya Mbezi, kwa makusudi, foleni ikiwa imekolea. Ukirudi nitakupa chupa ya maji uifungue.

Mjomba wako