Risala ya Mafundi wa Nyumba za Miti kwa Mgeni Rasmi, Lamu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wazee wetu, mafundi wenzetu, assalaam aleikum.

Nyumba ya shamba iliyo mbele yako ni ya miti na udongo, na miti yake ni mikoko. Mikoko hiyo hiyo ndiyo iliyopakiwa majahazini kwa makorija, miti 20 kila korija, ikaenda kujenga Uarabuni na Ghuba. Urefu wa boriti ndio uliopima hata vyumba vya mawe vya Mji wa Kale: upana wa mita 2.5 hadi 3, basi.

Nguzo hufukiwa kama futi 2. Baina yake husimama mazio, miti myembamba kuliko boriti, kisha fito hufungwa kwa kamba ndani na nje, shubiri moja kutoka ufito hadi ufito. Juu hulazwa mtambaapanya wa kubeba makombamoyo, miti ya paa. Ukuta hutomewa, yaani nafasi zake hujazwa, vijiwe vya matumbawe, ndipo ukakandikwa. Udongo ukitiwa wote kwa siku moja hupasuka. Tabaka la kwanza lazima likauke.

Nyumba ikianguka, watu hulaumu udongo. Udongo hauna kosa. Makuti yakichakaa bila kubadilishwa, mvua hupenya, kamba huoza kabla ya fito, na ukuta mzima hulegea. Paa lililolala sana huoza mapema zaidi, maana maji hayateremki upesi. Mwinamo usipungue digrii 45. Nguzo nayo huliwa usawa wa ardhi, unyevu unapokutana na hewa. Hubadilishwa moja moja, paa likiwa limetegemezwa.

Mheshimiwa, kinachotuumiza zaidi ni plasta ya saruji juu ya udongo. Haishikani nao. Hupata nyufa, maji huingia nyuma yake yasipate pa kutokea, na mchwa hupanda humo bila kuonekana mpaka nguzo imebaki ganda. Chokaa na mchanga vinatosha, na ukuta unapumua.

Serikali iliposimamisha ukataji miti Februari 2018, marufuku haikubagua biashara na ukarabati. Tunaomba kibali cha miti ya kukarabati nyumba kongwe kitengwe na cha biashara, mafundi wataje idadi ya boriti, mazio na fito kwa kila nyumba, na mikoko ipandwe palipokatwa.

Ombi la pili ni makuti ya nyumba hii. Upande wa kusi umeshaonyesha mbingu. Uezekwe kabla ya masika.

Tunawasilisha.