Risala ya Wazazi wa Watoto Wenye Ulemavu wa Akili kwa Mgeni Rasmi, Wete, Pemba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, walimu, wazazi wenzetu, assalaamu alaykum.

Ahsante kwa kuitikia wito wetu. Habari za paa la skuli linalovuja tumeziandika, tutakukabidhi mkononi. Hapa tunataka kusema juu ya tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo, ziitwazo adrenali.

Mheshimiwa, tezi hizi hutoa kotisoli, inayosaidia sukari ya damu isishuke, na aldosteroni, inayozuia chumvi isipotee kwenye mkojo. Duniani, takriban mtoto mmoja katika kila 15,000 huzaliwa na hitilafu ya kurithi inayozivuruga. Mara nyingi dalili huanza wiki ya pili au ya tatu baada ya kuzaliwa: mtoto anatapika, hanyonyi, analegea. Chumvi na sukari zikishuka mno hushikwa na degedege, na akinusurika, ubongo huweza kubaki na athari maisha yake yote. Wa kiume ndio hupitwa zaidi bila kutambuliwa, maana kwa nje hana alama ya hitilafu hii. Huku kwetu huitwa mganga kwanza, na lawama apewe mama!

Hatusemi watoto wetu wote wana hili. Wengi walichelewa kulia walipozaliwa, wengine waliugua homa ya uti wa mgongo au malaria kali. Lakini hili lina dawa, ndiyo maana linatuuma.

Mwenzetu mmoja, mwanawe ana hitilafu hii, humpa haidrokotisoni, dawa inayoshika nafasi ya kotisoli, mara tatu kwa siku. Husaga kidonge kijikoni, akakoroga na maji kidogo. Saa yake ni adhana. Akipata homa, huongeza dozi kama daktari alivyomwelekeza. Mtoto yuko darasa la pili, na kwa kuhesabu pishi za karafuu anamshinda kaka yake. Tabu ni bahari: dawa hutoka Unguja, na boti ikighairi safari mama hubaki kuhesabu vidonge.

Mheshimiwa, dawa hiyo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Tunaomba isikosekane Pemba, na wakunga wafundishwe dalili hizi. Tunaomba pia vichanga wapimwe kwa tone la damu ya kisigino. Tone hilo hilo hupima na tezi ya shingo, ambayo homoni yake ikikosekana uchangani hudumaza akili, nayo pia ina kidonge chake.

Tunaomba kuwasilisha.