Mwanangu, nenda ukamwone

Mwanangu,

Simu zangu hupokei, ndiyo maana nimeandika. Dada yako atakuletea barua hii, na nimemwambia asiondoke mpaka akuone umeisoma yote.

Ameniambia pikipiki umeiegesha, kijiweni huendi, chakula unakidokoadokoa na usiku unakucha umekaa kitako. Ameniambia pia kwamba yule mama mwenye genge uliyemgonga na pikipiki amesharudi kwake, mguu umefungwa hogo la plasta, na wewe hujatia mguu pale. Unampa rafiki yako hela ampelekee, halafu unamkataza asiseme zimetoka kwa nani. Niliposikia hilo la hela ndipo nikatafuta kalamu.

Najua watu wanakwambia nini. Ajali haina kinga. Limeshaandikwa. Mimi ni mama yako, nami ningependa nikupoze hivyohivyo, lakini maneno hayo hayakufai. Ajali haina kinga tairi linapopasuka. Wewe uliiona daladala imesimama kwenye zebra, ukajua imesimama kwa ajili ya mtu, ukaipita kwa sababu hesabu ya siku ya tajiri mwenye pikipiki ilikuwa haijatimia. Ukikubali kwamba ni ajali tu, utakuwa umesamehewa nini? Moyo wako wenyewe haudanganyiki, ndiyo maana hulali.

Na lile jingine nalo sitaki kulisikia. Umemwambia dada yako kwamba wewe ni muuaji. Umemuua nani? Yule mama yu hai, anakula, anagombana na wajukuu zake. Kulikuza kosa mpaka lisibebeke nako ni kulikimbia, maana aliyekwisha kujiita muuaji hana tena la kufanya ila kujifungia ndani. Liseme kwa kipimo chake: nilikuwa na haraka, nikapita pasipopitwa, nikamvunja mtu mguu. Likiwa hivyo, unajua pa kuanzia.

Kisa cha Nabii Musa ulikisoma chuoni ungali mdogo. Ulikuwa ukipenda fimbo na bahari, kama watoto wote. Sasa kaisome Suratul Qasas. Alimpiga mtu ngumi, hakukusudia kumuua, mtu akafa. Akasema, Mola wangu, nimeidhulumu nafsi yangu, nisamehe. Na alisamehewa palepale, katika aya hiyohiyo. Lakini kesho yake aliamka na hofu mjini, akitazama huku na huku, na mwisho akakimbilia Madyan. Alipofika kisimani, mgeni asiye na kitu, aliwaona wanawake wawili wamewazuia wanyama wao pembeni wakingoja wachungaji wamalize. Akawanyweshea kwanza, ndipo akaenda kukaa kivulini. Akachunga mifugo ya mkwewe kwa mapatano ya miaka 8, au 10 akipenda. Baadaye, na hili limo katika Suratush Shuaraa, Firauni alipomtolea jambo lile usoni, hakukana. Alisema nililifanya, na wakati ule nilikuwa katika waliopotea. Mimi hapo ndipo ninapopapenda kuliko bahari. Mungu amemsamehe, na bado analikiri kosa lake mbele ya adui yake.

Sasa turudi kwako. Masheikh wametufundisha toba: uache, ujute, uazimie kutorudia. Ila ikiwa ni haki ya mja lipo la nne, umrudishie haki yake au umtake radhi. Wewe umeng'ang'ania la pili peke yake. Unajuta asubuhi, unajuta jioni. Kwani ukishinda na njaa, mfupa wake utaunga upesi?

Mguu wa namna ile huchukua miezi. Katika miezi hiyo nani anakwenda soko la Temeke Stereo alfajiri kufungasha nyanya na mchicha? Binti yake, kwa daladala, na magunia anayalipia nauli. Wewe una pikipiki. Halafu kuna karatasi. PF3, ile fomu ya polisi ya kutibiwa, alipata siku ileile, lakini madai ya bima hajui hata mlango wa kuingilia. Pikipiki ina bima ndogo, na bima ndogo imewekwa kwa ajili ya watu kama yeye. Mfuate tajiri wako mlianze hilo, na ripoti ya polisi uihangaikie wewe. Mtu wa magongo hawezi kupanda ngazi za ofisi za watu kila siku njoo kesho.

Utakapokwenda, nenda na mjomba wako tu. Usikusanye wazee wa mtaa wakamzunguke mgonjwa, "mama, kijana huyu mdogo, yaishe." Nimeyaona hayo mara nyingi na siyapendi, mtu anasema amesamehe kwa kuona haya, na mguu bado unamuuma. Mwambie ulichofanya. Muulize anahitaji nini, kisha nyamaza. Msamaha mwombe, lakini usimdai jibu siku hiyo. Na usilie mpaka aanze kukubembeleza wewe. Ana maumivu yake, usimwongezee kazi. Akikutukana, yana haki kumtoka. Akikufukuza, toka kwa adabu, umuulize binti kama mizigo ya sokoni umbebee. Akikataa naye, usilazimishe, shughulikia bima.

Huenda asikusamehe. Hilo ni lake, wala wewe na mimi hatuna neno. Wewe kujisamehe hakungoji ruhusa yake, ila sioni kutakujaje na wewe bado unamkwepa. Wala sikuombei usahau. Ukifika kwenye zebra ile tumbo likakukata, acha likukate, upunguze mwendo. Lakini ule, ulale, na wenzako wakisema la kuchekesha ucheke. Kucheka kwako hakumpunguzii yule mama kitu.

Mjomba wako atakupitia Jumamosi baada ya alasiri. Nimekutumia kidogo kwenye simu, mnunulie maziwa na matunda, mkono mtupu si vizuri. Habari ya kuendelea na bodaboda au kuacha usiikate sasa, tutaizungumza ukija Tanga. Ukitoka pale nipigie, hata kama hamkupita mlangoni. Na safari hii nikipiga mimi, pokea.

Mama yako